Disiki gofu: Kwa nini draiva ileile inamtii bingwa na kumkimbia anayeanza

Wachezaji wawili wanasimama sehemu moja. Wanarusha kisahani cha aina moja, uzito mmoja, kuelekea kikapu kimoja. Cha bingwa kinakwenda mbele kama kiko kwenye reli, halafu mwishoni kinapinda kushoto na kutua. Cha anayeanza kinapinda kushoto mapema, hakifiki hata nusu ya safari, kinaishia vichakani.

Hakuna aliyeuziwa kisahani kibovu. Ndivyo draiva ya aina ya ovastebo inavyofanya kazi. Ovastebo ni kisahani kikaidi: hakitaki kugeuka kikiwa kwenye kasi, na kikipungua kasi kinarudi upande wake kwa nguvu.

Kwa mwenye mkono wenye kasi, ukaidi huo ni silaha. Kwa anayeanza, ni njia ya haraka ya kupoteza hela, kuumiza kiwiko na kuuchukia mchezo. Hapa tunaeleza kwa nini, na utajuaje kama wewe umeshafika hapo.

Mchezo wenyewe kwa kifupi

Disiki gofu inachezwa kama gofu, ila hakuna fimbo wala mpira. Unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu chenye minyororo. Aliyerusha mara chache zaidi ndiye mshindi.

Mchezo ulipata sura yake ya sasa nchini Marekani miaka ya 1970. Uwanja wa kwanza wa kudumu ulifunguliwa mwaka 1975 katika bustani ya Oak Grove, California. Aliyeubuni, Ed Headrick, ndiye aliyeanzisha chama cha PDGA mwaka 1976, ambacho mpaka leo ndicho kinachosimamia kanuni za mchezo.

Sasa unachezwa sana Marekani, Finland, Sweden na Estonia. Viwanja vingi viko kwenye bustani za umma na huhitaji kulipa kuingia. Kama una ndugu anayeishi huko, huenda ameshapita karibu na vikapu hivyo akadhani ni mapipa ya takataka.

Si kila kisahani ni draiva

Visahani viko vya makundi matatu makubwa:

- Pata: ukingo mnene na butu, kinakwenda polepole, ni cha kumalizia karibu na kikapu.
- Midrenji: cha umbali wa kati.
- Draiva: ukingo mpana na mwembamba kwa nje, unaokata hewa. Ni cha kwenda mbali. (Huyu siyo dereva wa daladala.)

Wazo la ukingo unaokata hewa lilibadilisha mchezo mwaka 1983, Dave Dunipace wa kampuni ya Innova alipotoa kisahani kilichoitwa Eagle. Kabla ya hapo watu walikuwa wanarusha visahani vinavyofanana zaidi na frisbi ya kuchezea ufukweni.

Namba nne zilizoandikwa juu yake

Ukishika kisahani cha leo, mara nyingi utakuta namba nne. Zinasomwa kwa mpangilio huu:

1. Kasi: kinahitaji kurushwa kwa kasi kiasi gani ili kifanye kazi yake. Huanzia 1 mpaka 14 au 15, kutegemea kampuni.
2. Kuelea: kinavyokaa hewani. Huanzia 1 mpaka 7.
3. Kugeuka: kinavyoegemea kulia mwanzoni, kikiwa bado na kasi. Sifuri maana yake hakigeuki. Hasi 5 maana yake kinageuka sana.
4. Kurudi: kinavyopinda kushoto mwishoni, kasi ikiisha. Huanzia 0 mpaka 5.

Kulia na kushoto hapa ni kwa mtu anayetumia mkono wa kulia na kurusha bekihendi, yaani mkono unavuka kifua kwanza kisha unafunguka. Ukitumia mkono wa kushoto, geuza kila kitu. Na mwenye mkono wa kulia akirusha forihendi, kama mtu anayerusha jiwe lidunde juu ya maji, pia anageuza.

Sasa linganisha draiva mbili za Innova:

- Firebird: 9, 3, 0, 4
- Leopard: 6, 5, hasi 2, 1

Leopard inaomba kasi ndogo, inaelea vizuri, inaegemea kulia kidogo na mwishoni inarudi taratibu. Firebird inaomba kasi kubwa zaidi, haielei sana, haigeuki kabisa, na mwishoni inarudi kwa nguvu. Firebird ndiyo mfano maarufu wa draiva ya ovastebo, na ndiyo tutakayoitumia hapa.

Kwa nini kinapinda?

Hii sehemu ni ya fizikia kidogo, lakini ukiielewa, mengine yote yanakaa sawa.

Kisahani kikipita hewani, hewa inakisukuma juu. Msukumo huo haukai katikati kabisa. Kasi ikiwa kubwa, unasogea nyuma. Kasi ikipungua na kisahani kikianza kushuka, unasogea mbele.

Kisahani kisichozunguka kingesukumwa hivyo kikabinua pua na kuanguka. Lakini hiki kinazunguka, na kitu kinachozunguka kina tabia yake: ukikisukuma mbele, matokeo yanaonekana pembeni, robo ya mzunguko baadaye. Kwa hiyo pua ikisukumwa juu, kinachoinuka ni upande wa kulia. Kisahani kinalalia kushoto, na kikishalala huko ndiko kinakoelekea.

Umewahi kuona mtoto akichezesha pia? Ikizunguka kwa kasi inasimama wima, hata ukiigusa haianguki. Ikianza kuchoka inayumba, kisha inalala. Kisahani nacho ni hivyohivyo. Mzunguko mkali unakifanya kigome kulala. Mzunguko ukiwa dhaifu, kinalala mapema.

Ovastebo imeumbwa ili msukumo wa hewa ubaki mbele hata kwenye kasi kubwa. Siri iko kwenye ukingo: pale nusu ya juu inapokutana na nusu ya chini pamewekwa juu kidogo. Kwa hiyo kisahani hiki muda wote kinataka kwenda kushoto. Kinachokizuia ni vitu viwili tu, kasi na mzunguko. Na hivyo viwili vinatoka kwako, haviuzwi dukani.

Firebird moja, mikono minne

Takwimu zinazofuata ni za makadirio, kwa mrusho wa bekihendi kwenye uwanja tambarare usio na upepo.

1. Anayeanza

Mkono wake unatoa kisahani kwa kasi ya kama kilomita 60 hadi 70 kwa saa. Kwa kisahani rahisi anafika mita 50 au 60.

Akirusha Firebird, ile sehemu ya kwenda mbele haipo kabisa. Kisahani kinaanza kulalia kushoto karibu mara tu kinapotoka mkononi, kinapoteza urefu, na kinatua mbali kushoto mwa lengo. Mara nyingi pata yake ya kawaida ingefika mbali zaidi kuliko draiva hii.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawaligundui. Wanaoanza huwa wanarusha pua ikiwa juu. Pua juu inaongeza breki ya hewa na kukifanya kisahani chochote kionekane kikaidi. Kwa hiyo kwa mtu huyu ukaidi unakuja mara mbili: wa kisahani na wa pua.

2. Wa kiwango cha kati

Kasi ni kama kilomita 80 hadi 90 kwa saa. Kwa kawaida anafika mita 75 hadi 90.

Firebird yake sasa inakwenda mbele kwa karibu nusu ya safari, halafu inapinda kwa nguvu kama mundu. Haifiki mbali kama Leopard yake. Lakini kuna faida imeanza kuonekana: anajua itaishia wapi. Kama kuna mti mkubwa mbele na kikapu kimejificha nyuma yake upande wa kushoto, hiki ndicho kisahani cha kuuzunguka.

3. Mzoefu

Kasi ni kama kilomita 95 hadi 105 kwa saa, na kisahani chake cha masafa kinafika mita 100 hadi 120.

Huyu ndiye anayeanza kuona zile namba nne zikifanana na anachokiona hewani. Firebird inashika mstari kwa sehemu kubwa ya safari, kisha inapinda kushoto na kushuka kwa kasi. Ikigusa ardhi kavu inaserereka kushoto mita kadhaa zaidi. Mzoefu anaupigia hesabu hata huo mserereko.

4. Bingwa

Kasi inapita kilomita 110 kwa saa. Kwa mkono kama huu, Firebird inakuwa karibu kisahani cha kulenga tu.

Anaweza kukitoa kikiwa kimelalia kulia makusudi, mtindo unaoitwa anhaiza. Kisahani kinakwenda kulia, kinajinyoosha chenyewe, kisha kinamalizia kushoto, kikichora kama herufi S angani. Anayeanza akijaribu hivyo, kisahani kinajinyoosha mara moja na kurudi kushoto bila kuichora S yoyote.

Ila angalia hapa: hata bingwa hatumii Firebird anapotaka umbali mkubwa kabisa. Kwa umbali anachukua kitu kama Destroyer, yenye namba 12, 5, hasi 1 na 3. Ovastebo inampa uhakika wa mahali kisahani kitakapotua. Umbali anautafuta kwingine.

Kwa hiyo namba zinadanganya?

Hapana, ila zinasema kwa sharti. Zinaeleza kisahani kitakavyoruka kikirushwa kwa kasi kilichotengenezewa. Usipofikisha kasi hiyo, namba ya tatu, ya kugeuka, inakuwa kama haipo, na namba ya nne, ya kurudi, inakula safari yote.

Pia kila kampuni inajipangia namba zake. PDGA inapima ukubwa, uzito na jinsi ukingo ulivyo butu ili kisahani kiruhusiwe kwenye mashindano. Kwa mfano, uzito hauruhusiwi kuzidi gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo. Ndiyo maana draiva nyingi zenye kipenyo cha sentimita 21 na ushee zinaishia kwenye gramu 175 au 176. Lakini zile namba nne za mruko PDGA haizithibitishi. Namba 3 ya kampuni moja inaweza isilingane na 3 ya kampuni nyingine.

Mambo manne yanayobadilisha ukaidi

Upepo. Upepo wa mbele unafanya kisahani kihisi kasi kubwa zaidi, kwa hiyo visahani laini vinapinduka kulia na kupotea. Hapo ovastebo inang'ara, maana haipinduki kirahisi. Upepo wa nyuma ni kinyume chake: kisahani kinahisi kasi ndogo, kinarudi mapema na kushuka haraka.

Uzito. Kwa umbo lilelile, kisahani chepesi kinageuka kirahisi zaidi kuliko kizito. Ndiyo maana anayeanza hushauriwa kuchukua gramu 150 hadi 165 badala ya 175.

Umri wa kisahani. Kila kikigonga mti au changarawe, ukingo unabadilika kidogo. Baada ya muda ukaidi unapungua. Plastiki ya bei nafuu inachoka mapema, ya bei ya juu inachukua muda mrefu. Wachezaji wa mashindano huweka aina moja mara mbili au tatu kwenye begi, kipya na kilichochoka, kwa sababu kila kimoja kina njia yake.

Mwinuko wa mahali. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, kwa hiyo inakisukuma kisahani kidogo zaidi. Visahani vinaelea kidogo, havigeuki kirahisi na vinarudi mapema. Wachezaji wa Denver nchini Marekani, kwenye mita 1,600 hivi, wanalijua hili vizuri. Nairobi iko juu zaidi ya Denver. Kwa hiyo mtu akirusha Firebird Nairobi ataiona kaidi kuliko akiirusha Mombasa usawa wa bahari.

Hatari ya kulazimisha

Anayeanza akiona kisahani kinapinda kushoto kila mara, mwili wake unatafuta njia ya mkato. Anaanza kupindua kifundo cha mkono wakati wa kuachia, au anakirusha kikiwa kimelalia kulia kila mara ili kifidie. Kisahani kinanyooka kidogo, na anadhani amepata dawa.

Kumbe amejifunza kosa. Siku akishika kisahani laini, mrusho uleule unakipindua na kukipeleka kulia ardhini. Kuling'oa kosa hilo kunaweza kumchukua muda mrefu kuliko kujifunza upya.

La pili ni mwili. Kwa kuwa kisahani kinaomba kasi asiyo nayo, anakaza bega na kuvuta kwa mkono mtupu. Nguvu ya mrusho inapaswa kuanzia miguuni na kiunoni, mkono unafuata mwishoni. Ukigeuza hilo, kiwiko na bega ndivyo vinavyolipa.

La tatu ni usalama wa wengine. Plastiki ya gramu 175 yenye ukingo mwembamba si kitu cha kumpiga mtu. Kama hujui kisahani kitaishia wapi, usirushe mpaka njia yote, hasa upande wa kushoto, iwe haina watu.

Je, anayeanza asiiguse kabisa?

Si hivyo. Kuna nafasi tatu ambapo hata yeye anaweza kufaidika:

- Forihendi fupi. Wanaojifunza forihendi mara nyingi wanatoa kisahani kikiyumbayumba. Ovastebo inavumilia kuyumba huko bila kupinduka.
- Upepo mkali wa mbele. Kwa mrusho mfupi wa kujilinda, ni afadhali kisahani kinachokwenda kushoto kila mara kuliko kinachokwenda usikojua.
- Kutoka kwenye kona. Ukiwa nyuma ya mti na unahitaji kupinda kwa nguvu kushoto kwa mita 30 tu, kitakufaa.

Kitu kimoja tu: kiwe kisahani cha kazi maalumu. Kisiwe ndicho cha kufungulia kila shimo.

Utajuaje kuwa umefika?

Nenda uwanja wazi usio na watu, siku isiyo na upepo. Chukua kisahani laini kama Leopard na ukirushe mara kumi kikiwa kimelala sawasawa, bila kukilalisha upande wowote. Angalia mwisho wa safari:

- Kikipinda kushoto karibu mara zote: bado. Fanyia kazi pua ishuke na mzunguko uongezeke. Draiva ya ovastebo itakuongezea tatizo.
- Kikienda mbele na kurudi kidogo mwishoni: uko njiani. Kisahani kimoja cha ovastebo kwa ajili ya upepo kinatosha.
- Kikianza kupinduka kulia na kugoma kurudi: kasi yako imekizidi kisahani. Sasa ovastebo ina kazi kwenye begi lako.

Ila hakikisha kupinduka huko hakutokani na kifundo cha mkono. Jaribu na pata pia. Ikienda mbele imenyooka bila kuyumba, basi ni kasi kweli.

Uanze na nini?

Nchini Marekani kisahani kimoja cha plastiki nzuri huuzwa takriban dola 15 hadi 20, kwa hiyo usikurupuke kununua begi zima. Vitatu vinatosha: pata moja, midrenji moja, na draiva laini yenye kasi ya 6 au 7 na namba ya kugeuka iliyo hasi.

Ukiwa dukani na huna wa kumuuliza, toa namba ya nne uone ya tatu inasemaje. Ya tatu ikiwa 0 na ya nne ikiwa 3 au zaidi, hicho ni kikaidi. Kirudishe kwenye rafu. Miezi michache ya mazoezi ikipita, mkono wako ukiwa na kasi, kitakuwa bado kinauzwa.